Magofu ya Abhayagiri, Sri Lanka

Sri Lanka, kisiwa kilicho kusini mwa India, si nchi ngeni kabisa kwa wakazi wa Dar es Salaam, kwa kuwa Wasinhala, ambao ndio watu walio wengi zaidi kisiwani humo, walihamia jijini enzi za ukoloni na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanzisha hekalu lao Upanga, jirani na Kariakoo. Hapo hutunzwa mti wa bodhi, mti wa jamii ya mkuyu ambao Wabudha huuenzi kwa sababu huaminiwa kwamba Buddha alipata nuru akiwa ameketi chini ya mti wa aina hiyo, na asili ya mti wa Upanga husemwa kuwa ni Anuradhapura.

Anuradhapura, mji ulioko kiasi cha kilomita 200 kaskazini mwa Colombo, ulikuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka 1,000, na mti wake mtakatifu, kwa mapokeo ya Wasinhala, ulioteshwa karne ya 3 KK kutokana na tawi lililoletwa kutoka India na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka. Kando ya mji huo yametapakaa magofu ya Abhayagiri, monasteri, yaani makao ya watawa, iliyoanzishwa na mfalme Vattagamani Abhaya katika karne ya 1 KK. Kinachoonekana kwanza ni stupa, jengo kubwa la matofali lenye umbo la kuba, ambalo halina ukumbi wa kuingia kwa sababu hujengwa ili kuhifadhi masalia matakatifu.

Hata hivyo, maisha ya watawa hayaelezwi vizuri na stupa kama yanavyoelezwa na jiko lao. Penye magofu ya bwalo la chakula limelazwa hori la mawe lenye urefu unaokaribia mita 19, ambamo waumini walimimina wali uliogawiwa watawa, na jina lake la Kisinhala, bath oruwa, lina maana ya chombo cha wali. Oruwa yenyewe ni mtumbwi wenye tengo upande mmoja, ndugu wa karibu wa ngalawa ya mwambao wetu. Si mbali na hapo kuna mabwawa mawili ya kuogea, yaitwayo Kuttam Pokuna, ambayo maji yake yalipitishwa kwanza katika vyumba vidogo vya mawe ili tope litue chini, ndipo yakaingia bwawani yakiwa safi. Ufundi huo wa maji ni wa kustaajabisha, na unastahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko kuba lolote.

Mtawa wa Kichina Faxian, aliyekaa kisiwani miaka miwili mwanzoni mwa karne ya 5 akinakili vitabu vya dini, aliandika kwamba Abhayagiri ilikuwa na watawa 5,000, na kwamba siku moja, alipoona mfanyabiashara akitoa sadaka kipepeo cha kujipepea cha hariri nyeupe kilichotoka China, machozi yalimtoka kwa kuikumbuka nchi yake. Mwaka 993 majeshi ya Wachola kutoka kusini mwa India yaliuteka mji, makao makuu yakahamia Polonnaruwa, na msitu ukafunika majengo hayo kwa karne nyingi, hadi yalipofukuliwa. Mwaka 1982 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Mgeni hutakiwa kuvua viatu na kofia, kufunika mabega na magoti, na kutopiga picha akiwa ameipa mgongo sanamu ya Buddha. Na kwa kuwa mawe huwa moto kwa jua la mchana, inafaa kwenda asubuhi na mapema. Asiye na nauli ya Colombo aanzie Upanga, penye mti wa bodhi.