Umetibiwa shingo ya kizazi? Rudi hata kama hausikii kitu

Wamama wenzetu, mwanamke akikatwa ile sehemu ya shingo ya kizazi iliyoanza kubadilika, mara nyingi anarudi nyumbani siku ileile kwa miguu yake. Ndiyo maana tunasahau haraka kwamba ndani kuna kidonda.

Majimaji yatatoka, pengine na damu kidogo, hata mwezi mzima. Huo si ugonjwa. Tumia kitambaa safi, na usijioshe ndani, si kwa ndimu, si kwa majani (tunajua, wengi wetu tulifundishwa hivyo na mashangazi). Kwa wiki 4 usilale na mume. Baba akinung'unika, nendeni pamoja kwa muganga amwelezee. Ikishindikana kabisa, atumie kondomu. Ukiona homa, harufu mbaya, maumivu chini ya tumbo au damu kupita ile ya mwezi, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Lakini tunachosahau zaidi ni kipimo cha miezi 12. Kidonda kinapona, kumbe virusi vya HPV vinaweza kubaki, na mabadiliko yakarudi bila maumivu yoyote. Shirika la Afya Duniani linashauri kila aliyetibiwa apimwe tena baada ya mwaka. Anayeishi na virusi vya Ukimwi, hata kama kipimo hicho ni kizuri, anakirudia mwaka unaofuata.

Na mume akipata kazi Kolwezi mkahama Likasi, karatasi ya matibabu ifunge pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.