Wikendi ya kula Pwani ya Kusini: soma jina kabla ya kulipa

Mwenzetu mmoja ofisini ana mdogo wake anayesoma KMTC, tawi la Msambweni. Kila akitoka kumtembelea, hadithi zake ni za chakula tu. Basi Jumamosi moja tukavuka Likoni sote watano, noti tumeziacha nyumbani makusudi, tuone kama simu peke yake itatufikisha.

Njia ni rahisi. Anayevuka feri kwa miguu halipi. Ng'ambo unapanda matatu ya Ukunda, na ukitaka Msambweni unaendelea na barabara ile ile ya Lunga Lunga, unapita njia ya kuingilia Gazi.

Kosa letu lilitokea Ukunda, kwenye mahamri na mbaazi za nazi. Hesabu ilifika shilingi 450. Mama alitutajia nambari yake huku akigeuza mahamri kwenye karai. Mmoja wetu akaandika 7 mahali pa 1, akaweka nambari ya siri bila kusoma jina. Kwetu meseji ikaja: pesa imetumwa. Kwa mama, kimya.

Tulimlipa mara ya pili, maana kosa lilikuwa letu. Lakini lau tungeondoka mbio kuwahi matatu, hasara ingekuwa yake. Na hiyo 450 ndiyo unga na nazi za kesho.

Tangu hapo tulifuata utaratibu huu, nawe ufuate:

1. Uliza jina pamoja na nambari. "Mama, itatokea jina gani?" Wauzaji wengine hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au binti. Likitokea jina jingine, simama uulize tena.

2. Soma jina kwenye skrini ndipo uweke nambari ya siri. Ni sekunde chache tu.

3. Usiondoke kabla meseji haijafika kwake. Nawe muuzaji, usikubali kuonyeshwa simu ya mteja. Meseji hughushiwa, angalia salio lako mwenyewe.

4. Uliza kama kuna till. Msambweni tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukalipa kwa till. Mlipaji hakatwi ada, na jina la hoteli linatokea wazi.

5. Ukihitaji noti, toa mara moja. Jumapili pale Diani, muuza madafu ufuoni alitaka pesa mkononi, basi ikabidi tutafute wakala. Kwa viwango vya M-Pesa, kutoa chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 ni shilingi 29. Ukitoa 200 mara tatu umelipa 87. Ukitoa 600 mara moja ni 29 tu.

Na ukishakosea? Usianze kwa kumpigia aliyepokea, maana ukimshtua anaweza kuzitoa. Ripoti kwanza. Kwa laini ya M-Pesa, peleka ile meseji ya muamala kwa 456 papo hapo. Pesa ikiwa bado ipo kwenye akaunti ya aliyepokea, una nafasi nzuri ya kuipata. Yetu ilirudi siku ya pili, kwa sababu tuliripoti tungali tumekaa pale kwenye benchi.

Kinyume chake pia kipo. Mtu akikupigia kwamba amekutumia kimakosa, usimrudishie kwa haraka kutoka mfukoni mwako. Tazama salio kwanza. Hata kama pesa imeingia kweli, mwambie aripoti, irudi kwa njia rasmi.

Jumapili jioni tulipita tena Ukunda. Mama alitutambua toka mbali. "Leo jina mtasoma?" akauliza. Tukamsomea lote, majina matatu, ndipo tukalipa. Simu yake ikalia, naye akatufungia mahamri ya njiani.