Kulala Southampton Kabla ya Kupanda Meli

Kila mwaka, baridi ikishaanza kulegea na watu wakaanza kuhesabu siku za likizo ya watoto, huniletea maswali ya namna moja jamaa zetu walioko Leicester, Reading na Manchester, ambao wamekwisha kukata tiketi za meli ya matembezi, ya kwenda Norway au visiwa vya Kanari, na ambao sasa wataka kujua ni garimoshi gani la asubuhi litakalowafikisha Southampton kabla meli haijang'oa nanga. Jawabu langu ni lile lile la miaka yote, nami nalitoa hapa kwa kirefu lipate kusomwa kwa utulivu: lisiwe la asubuhi; liwe la jana yake mchana, na usiku huo mlale mjini Southampton.

Wapo waonao kuwa huo ni israfu, kulipa malazi ilhali kitanda cha meli kimekwisha kulipiwa. Lakini jambo hili si geni kwetu. Msafiri wa jahazi hakutoka kwake siku ya safari. Alishuka mjini mapema akalala kwa jamaa aliye karibu na bandari, kwa kuwa nahodha hungojea upepo na maji, wala hamngojei abiria. Bibi yangu, mwenyeji wa Pemba, kila alipokwenda Unguja alilala Mkoani kwa binti wa ami yake, na kapu lake la vyakula akaliweka mlangoni tangu magharibi.

Southampton nayo ilikulia katika ada hiyo hiyo. Reli ya kutoka London ilikamilika mwaka 1840, na mwaka 1872 ikafunguliwa hoteli ya fahari ubavuni mwa stesheni iliyokuwa mlangoni pa bandari, ili wasafiri wapate pa kulala. Na ilipoondoka Titanic adhuhuri ya tarehe 10 Aprili 1912, miongoni mwa waliokuwa wameamkia katika hoteli hiyo ni J. Bruce Ismay, mkuu wa kampuni iliyokuwa na meli yenyewe, ambaye kama kuna mtu aliyeweza kuamuru meli imngojee, basi ni yeye. Wengine waliletwa asubuhi ile kwa magarimoshi maalumu yaliyoingia mpaka gatini. Na magarimoshi hayo yaliaminika kwa sababu moja: kampuni ya reli ilikuwa imeinunua bandari mwaka 1892, kwa hivyo njia ya chuma na gati zote zilikuwa chini ya bwana mmoja.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya leo, na ndipo napenda msomaji apatie nadhari. Stesheni ile ilifungwa mwaka 1966. Sasa mtu hushukia Southampton Central, kisha hutafuta teksi. Na tiketi ya reli na tiketi ya meli ni mikataba miwili isiyojuana. Garimoshi likichelewa, wenye reli watakurudishia sehemu ya nauli, au nauli nzima, kwa kadiri ya muda uliochelewa. Lakini meli iliyokuacha na siku zako kumi na nne za baharini hazimo katika dhamana yao hata kidogo. Huwa vingine ikiwa safari ya kufika bandarini umeinunua kwa wenye meli wenyewe pamoja na safari ya bahari, au ikiwa bima yako imetaja kwa maandishi kukosa chombo kwa ajili ya usafiri wa umma kukwama. Bima nyingi za bei rahisi hazitaji, basi soma kabla ya kulipa.

Nayasema haya kwa kuwa yalinifika. Tulikuwa watu sita na masanduku tisa, tumeondoka asubuhi kwa kuamini kwamba kutoka Waterloo hadi Southampton ni mwendo wa saa moja na theluthi tu. Na ndivyo ulivyo, siku ambayo upepo haukuangusha mti juu ya njia. Tukateremshwa Winchester, kiasi cha kilomita ishirini tu kutoka bandarini, pamoja na mamia ya watu wanaogombea teksi zisizofika kumi. Mama yangu alikaa juu ya sanduku lake, tasbihi mkononi, hasemi neno, na kila teksi iliyoondoka bila sisi aliiangalia mpaka ikapotea. Milango ya kupandia hufungwa aghalabu saa moja au moja na nusu kabla ya meli kuondoka, ili orodha ya abiria ikamilike. Sisi tuliingia zimebaki dakika chache sana. Siku mbili za mwanzo za safari ile mama alizimaliza kitandani kwa uchovu.

Ama tiketi za reli, ile ya kununua mapema, ambayo kwa kawaida hutolewa yapata wiki kumi na mbili kabla, ndiyo rahisi kuliko zote, lakini imefungwa kwa garimoshi moja lililotajwa. Ukiwa unalala mjini, unaweza kuinunua bila hofu, maana saa mbili za kuchelewa hazikudhuru. Na mara nyingi pesa unazookoa hapo hulipa nusu ya malazi. Kadi ya reli ya jamaa na marafiki hupunguza theluthi ya nauli za wakubwa na asilimia 60 za watoto. Mtokao Manchester au Birmingham, pandeni garimoshi la moja kwa moja lipitalo Reading, hata kama ni la polepole, kuliko kuingia London na kuvuka mji kwa reli ya chini ya ardhi, na masanduku, na wazee wenye kuumwa magoti. Wazee hao waombewe msaada wa stesheni kabla ya siku, hautozwi chochote. Na Jumapili jihadharini, kwani ndiyo siku ya kutengeneza njia, na basi huwekwa badala ya garimoshi.

Kabla ya kuchagua hoteli, tazama jina la jengo la abiria lililoandikwa kwenye hati ya meli. Ocean na Queen Elizabeth II ziko upande wa mashariki, karibu na mji wa kale. City, Horizon na Mayflower ziko magharibi, upande wa stesheni. Meli huweza kuhamishwa kutoka jengo moja kwenda jingine, basi tazama tena usiku ule.

Hati za safari haziponywi na usiku mmoja. Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wakumbuke kwamba Norway na Hispania zimo katika eneo la Schengen, na kwamba kadi za ukaazi za Uingereza ziliisha muda tarehe 31 Desemba 2024, sasa ruhusa imo katika akaunti ya intaneti, ambayo lazima iwe na nambari ya pasipoti uliyo nayo mkononi.

Na lipo jambo la saa, ambalo ni letu peke yetu. Shangazi yangu alisoma kwenye hati yake kuwa apande meli 12:30, akaandika daftarini "saa 12 na nusu", kisha akampigia simu mwanawe kumwambia, kwa Kiswahili safi, saa kumi na mbili na nusu. Mwanawe akaelewa ni jioni, akapanga kumfuata alasiri. Lau si kwamba shangazi alikuwa amelala mjini, na mhudumu wa hoteli akamwuliza saa nne asubuhi mbona hajafunga mizigo, meli ingaliondoka. Tangu hapo, kwetu saa za safari huandikwa mara mbili: 12:30, na pembeni yake, saa sita na nusu mchana.

Meli kubwa huingia kabla ya jua. Ukiwapeleka watoto Mayflower Park baada ya sala ya alfajiri, wataiona ikija polepole katika ghuba, taa zote zinawaka, maji yamejaa. Na ukirudi hotelini bado utakuwa na wakati wa kunywa chai, kuzifunga lebo za meli kwenye masanduku, moja baada ya moja, na kumwachia mama amalize uradi wake.