Nani Huchagua Swali? Ubunifu, Ushirikiano na Sauti ya Mwanafunzi Darasani

Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, ambalo wengi hulikumbuka kwa ajili ya shamba la shule, majembe na mabanda ya kuku, ilhali sehemu yake nzito zaidi ilihusu uamuzi: wanafunzi washiriki na walimu wao katika kupanga kazi za shule na matumizi ya mapato yake. Mfano aliouweka ulikuwa wa kawaida kabisa, kwamba wanafunzi wenye fedha waliyoipata shambani waamue kama wataitumia kukodi trekta au watalima kwa nguvu zao ili fedha hiyo ifanye kazi nyingine. Katika shule nyingi shamba lilibaki, lakini uamuzi haukuwashukia wanafunzi, na jembe lenyewe, lililokusudiwa kuwa somo, likaishia kuwa adhabu ya wachelewaji.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa leo, kwa kuwa mitaala ya Afrika Mashariki imerudia dai lilelile kwa maneno mapya. Mfumo wa mtaala wa Kenya wa mwaka 2017 unataja umilisi saba wa msingi, yaani uwezo ambao kila mwanafunzi anatarajiwa kuujenga katika masomo yote, na miongoni mwake umo mawasiliano na ushirikiano, na ubunifu. Tanzania nayo, kwa mitaala iliyoboreshwa ambayo utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, inazungumzia stadi za aina hiyohiyo. Ubunifu katika muktadha huu si kipaji cha wachache wala utengenezaji wa mitambo pekee. Ni uwezo wa kuona tatizo, kubuni njia ya kulikabili, kuijaribu njia hiyo na kuirekebisha inaposhindwa. Hatua ya kwanza kati ya hizo, ile ya kuona tatizo, ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu shuleni tatizo huletwa likiwa limekwisha kuonwa na mwalimu au na mwandishi wa kitabu, na mwanafunzi huachiwa kulijibu tu.

Hapo ndipo linapoingia suala la sauti ya mwanafunzi, maana yake nafasi halisi aliyonayo katika kuamua anajifunza nini, kwa njia gani, na kazi yake ipimwe vipi. Msingi wake wa kisheria upo: Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yazingatiwe kulingana na umri na upevu wake. Mtaalamu Roger Hart, katika andiko lake la mwaka 1992 lililochapishwa na UNICEF, aliupanga ushiriki wa watoto katika ngazi yenye vidato vinane, akavihesabu vitatu vya chini kuwa si ushiriki hata kidogo: mtoto kutumiwa, mtoto kuwekwa kama pambo, na mtoto kusemeshwa ili ionekane amesema. Asomaye maelezo hayo akiwa amewahi kuhudhuria sherehe ya shule, ambapo mwanafunzi husoma risala iliyoandikwa na mwalimu, hatakawia kutambua mtoto huyo amesimama kwenye kidato gani.

Vidato hivyo vya chini huonekana pia katika kazi za vikundi, ambazo mara nyingi huchukuliwa kuwa ushahidi wa kutosha kwamba darasa limekuwa shirikishi. Katika darasa la wanafunzi sabini, mwalimu hana njia nyepesi ila kuwagawa kwa safu za madawati; kila kikundi hupewa swali lilelile, karatasi moja ya manila na maka peni moja. Kipanga wa darasa hutoa jibu, mwenye mwandiko mzuri, ambaye mara nyingi ni msichana, hufanywa katibu, mwenyekiti hulisoma mbele ya darasa, na waliobaki hupiga makofi. Kazi imefanyika kwa utulivu na kwa wakati, lakini hakuna aliyemhitaji mwenzake, kwani swali lenye jibu moja linalojulikana huhitaji mtu mmoja anayelijua.

Hali hubadilika swali linapokuwa la wanafunzi wenyewe. Mpango wa Young Scientists Tanzania, ulioasisiwa mwaka 2011 na Gozbert Kamugisha na Joseph Clowry kwa kufuata mfano wa maonyesho ya wanafunzi yaliyoanza Dublin, Ireland, mwaka 1965, huwataka wanafunzi wa sekondari wabuni swali la utafiti, walifanyie kazi katika kikundi kidogo chini ya mwalimu mlezi, kisha wasimame kando ya bango lao na kuhojiwa na majaji, na mada zinazokubaliwa ni pamoja na za sayansi ya jamii. Tuseme wanafunzi wawili wanataka kujua kama majivu ya jikoni huzuia dumuzi kutoboa mahindi ghalani. Watachukua mahindi ya gunia moja, watayagawa katika ndoo mbili, moja yenye majivu na nyingine isiyo nayo kwa ajili ya kulinganisha, na kila wiki watahesabu punje zilizotobolewa. Ikitokea wiki ya tatu ndoo ya majivu ina matundu mengi kuliko ile nyingine, mmoja atataka hesabu hiyo ifutwe kwa kuwa inaharibu jibu, mwenzake atauliza kama mfuniko ulifungwa vizuri, na watalazimika kubishana, kukubaliana na kuanza upya. Ushirikiano unaotamaniwa na mitaala ni huo, na sehemu yake kubwa ni ubishi.

Kipo kizuizi kingine ambacho mijadala ya ubunifu hukipita haraka mno. Katika shule nyingi za serikali za Tanzania mtoto husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha anapofika kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza, na aliyekuwa akiuliza maswali darasa la saba hujikuta akijibu kwa pamoja na wenzake, neno moja moja, kama mwalimu anavyomalizia sentensi. Majadiliano yanayostahili kuitwa majadiliano hufanyika kwa kunong'ona, kwa Kiswahili, mwalimu akiwa amegeukia ubao. Kumtaka mwanafunzi huyo awe na sauti huku lugha anayoimudu ikihesabiwa kuwa kosa ni kujipinga.

Nje ya vipindi, mabaraza ya wanafunzi, ambayo Kenya ilianza kuyahimiza kitaifa mwaka 2009 ili viongozi wachaguliwe badala ya kuteuliwa na walimu, yamesaidia kwa kiasi kinacholingana na ajenda yanayopewa. Baraza linalojadili chakula na ratiba ya kujisomea lina kazi ya kufanya, ilhali linalosubiri matangazo ya mwalimu wa zamu ni viranja wa zamani kwa jina jipya.

Hubaki suala la kutafakari, yaani mwanafunzi kurudi nyuma na kueleza alichofanya, kilichomshinda na namna alivyofanya kazi na mwenzake. Walimu wanaowataka wanafunzi waweke daftari la mradi hupata humo mambo ambayo mtihani hauwezi kuyaona: swali lilivyobadilika, nani alisikilizwa na nani alinyamazishwa. Lakini daftari hilo huchukua muda kusomwa, na mtihani wa mwisho bado humpima kila mwanafunzi peke yake, kwa maswali yaliyotungwa na wengine. Mpaka swali zuri lililoulizwa na mwanafunzi lipewe alama kama linavyopewa jibu sahihi, mwalimu mwenye mikondo minne na madaftari mamia mezani ataendelea kufundisha kile kitakachosahihishwa, na itakuwa vigumu kumlaumu.