Udongo Uliogeuka Vumbi: Namna Maabara Inavyopima Madhara Yake Mapafuni

Katika wilaya ya Namtumbo, kama ilivyo sehemu kubwa ya mkoa wa Ruvuma, udongo ni kitu cha kila siku ambacho hakimtishi mtu, kwa kuwa ndio unaofinyangiwa vyungu, ndio unaochomwa ukawa tofali, na ndio unaotimka barabarani kiangazi kikipamba moto. Katika masoko mengi ya Tanzania wajawazito hununua vijiti vya udongo viitwavyo pemba na kuvitafuna, na kaolini, yaani udongo mweupe wa aina inayopatikana kwa wingi katika milima ya Pugu karibu na Dar es Salaam, imetumika kwa muda mrefu katika dawa za tumbo. Mazoea hayo humfanya mtu adhani kwamba kitu kinachomezwa hakiwezi kudhuru kikivutwa puani. Dhana hiyo ina kasoro kubwa, kwa sababu tumbo husukuma nje sehemu kubwa ya udongo ulioingia, ilhali pafu likishapokea chembe katika vilindi vyake huweza kukaa nayo miezi, miaka, au maisha yote ya mwenye pafu.

Hatari ya vumbi huanzia kwenye ukubwa wa chembe. Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikromita 70, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, kisha hutolewa pamoja na kamasi au makohozi, lakini zile zisizozidi maikromita 4 hivi hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, mahali ambapo oksijeni huingia katika damu na ambapo hakuna vinyweleo vya kufagia uchafu. Kazi ya usafi huko hufanywa na seli walaji, ambazo huzingira chembe, huimeza na kuihamisha. Chembe za udongo mwingi wa mfinyanzi ni vibamba vyembamba vilivyolaliana kama kurasa za kitabu, na seli walaji huvimudu. Zipo hata hivyo aina chache za udongo, hasa sepiolaiti na paligorskaiti, ambazo madini yake huota kwa umbo la nyuzi, na uzi mrefu kuliko seli yenyewe haumezeki: seli huukumbatia nusunusu, hushindwa, hupasuka na kumwaga kemikali zinazochoma nyama ya pafu.

Ili kujua udongo fulani una tabia gani ukivutwa, maabara hufuata miongozo ya kimataifa, inayojulikana zaidi ikiwa ile ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD. Upo mwongozo wa jaribio la muda mfupi ambapo wanyama huvuta vumbi kwa saa 4 tu, upo wa siku 28, na upo wa siku 90, ambao huchukua panya dume 10 na jike 10 kwa kila kiwango cha vumbi, saa 6 kwa siku, kwa kawaida siku 5 kwa wiki. Viwango vya vumbi huwa vitatu, na kundi la nne huvuta hewa safi iliyochujwa, kwa kuwa pasipo kundi hilo la ulinganisho hakuna awezaye kusema kama ugonjwa umeletwa na udongo au na uzee wa panya.

Panya huingizwa katika mirija myembamba iliyopangwa kuzunguka mtungi wa hewa, pua pekee ikichungulia ndani, ili vumbi lisitue kwenye manyoya na kulambwa, maana likilambwa jaribio la pafu hugeuka kuwa jaribio la tumbo. Mitambo hupima kila mara uzito wa vumbi katika hewa na ukubwa wa chembe zake. Jaribio likimalizika panya huuawa kwa njia inayokusudiwa kumpunguzia maumivu, mapafu yake hupimwa uzito, sehemu yake huoshwa kwa maji ya chumvi, na maji hayo huchunguzwa kwa hadubini ili kuhesabu seli zilizokimbilia eneo lenye uvimbe. Sehemu nyingine hukatwa vipande vyembamba sana na kutiwa rangi, na iko rangi inayofanya kovu lionekane la buluu, hivyo mtaalamu huona wazi mahali ambapo nyama laini ya pafu imegeuka kuwa ngumu.

Mtu aliyeacha alama kubwa katika elimu hii ni Christopher Wagner, daktari wa Afrika Kusini ambaye mwaka 1960, pamoja na wenzake wawili, alichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wenye mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, ambao karibu wote walikuwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya Rasi ya Kaskazini. Baadaye alihamia Wales, na mwaka 1987 yeye na wenzake walichapisha majaribio ya paligorskaiti kwa panya. Sampuli ya Lebrija, Hispania, yenye nyuzi fupi mno, ilileta madhara madogo, ilhali ile ya Leicester, Uingereza, ambayo karibu moja ya tano ya nyuzi zake zilizidi maikromita 6, ilisababisha uvimbe na saratani kwa baadhi ya panya walioivuta. Madini yalikuwa na jina moja na takriban kemia moja, lakini machimbo yalikuwa tofauti na matokeo yakatofautiana. Hilo ndilo fundisho zito kuliko yote katika utafiti huu, na ndilo linalosahauliwa upesi na wauzaji wa udongo wanaotosheka kutaja jina la bidhaa.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipotoa tathmini yake mwaka 1997, liliweka nyuzi za paligorskaiti zinazozidi maikromita 5 katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, na kuziacha zile fupi, pamoja na sepiolaiti, katika kundi la vitu visivyoweza kuainishwa. Kutoainishwa si sawa na kuthibitishwa kuwa salama. Maana yake ni kwamba ushahidi haukutosha kutoa hukumu upande wowote. Jambo hili linaigusa Tanzania moja kwa moja, kwa sababu Sinya, katika wilaya ya Longido karibu na mpaka wa Kenya, ina sepiolaiti ya aina iitwayo mershamu, jiwe jeupe jepesi lililochimbwa tangu karne iliyopita na kuchongwa viko vya kuvutia tumbaku. Ushahidi wa sampuli ya Hispania haumtoshelezi mchongaji wa jiwe la Sinya.

Panya naye si binadamu mdogo. Hupumua kwa pua peke yake, na pafu lake likijazwa vumbi kupita kiasi seli walaji hulemewa, kiasi kwamba hata vumbi lisilo na sumu yoyote laweza kumletea uvimbe. Ndiyo sababu jaribio lililotumia viwango vikubwa mno hustahili kusomwa kwa tahadhari, na ndiyo sababu pia jaribio lililopangwa vibaya ni dhuluma, kwa kuwa wanyama wameteseka na hakuna kilichojifunzwa. Kuhusu dhuluma ya namna hiyo, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Huko Namtumbo kwenyewe suala la vumbi limepata uzito mpya kutokana na urani ya Mto Mkuju, iliyomo katika mawe ya mchanga ya kale. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la mradi litoke ndani ya hifadhi, na mwaka 2025 kiwanda cha majaribio kilizinduliwa. Wananchi huulizia zaidi mionzi, na wana haki, lakini mionzi na vumbi havitenganishiki: urani hutoa gesi ya radoni, na mazao ya gesi hiyo hunata kwenye chembe za vumbi na kusafiri nazo hadi mapafuni. Katika maabara ya Pacific Northwest nchini Marekani panya walivutishwa mazao ya radoni pamoja na vumbi la mawe ya urani, na uvimbe wa mapafu uliongezeka kadiri kipimo kilivyopanda. Juu ya hayo, mawe ya mchanga yana kwatzi kwa wingi, madini ambayo vumbi lake linalovutwa kazini liliwekwa mwaka ule ule wa 1997 katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitika kwa binadamu.

Kwa kwatzi, basi, mchimbaji hahitaji kusubiri panya wengine wafe ndipo alindwe. Kinachohitajika ni kipima hewa kidogo kinachofungwa kwenye ukosi wa shati lake kwa zamu nzima, maji ya kulowesha mwamba wakati wa kuchoronga, na matokeo ya vipimo kusomwa mbele yake kwa lugha anayoielewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu wachimbaji wadogo wa tanzanaiti huko Mererani ulikuta vumbi la kwatzi lililovuka kwa mbali mipaka inayopendekezwa. Waliovaa vipima hewa hivyo walikuwa wachimbaji wenyewe, wakiwa kazini.