Saa ya Kompyuta Isirushwe Nyuma

Wanafunzi wa isimu hujifunza mapema kwamba kiambishi -ka- hudai mfuatano: aliandika, akahifadhi, akatuma. Ukiuvuruga mfuatano huo, masimulizi hayasimami. Kompyuta nayo ina -ka- yake, nayo ni saa ya ndani inayoigongea kila rekodi muhuri wa wakati.

Tuchukue mfano. Chuo kinapokea insha kwa kompyuta hadi saa kumi na mbili jioni, na saa ya mtambo huo imetangulia kwa dakika mbili. Mwanafunzi wa kwanza anatuma insha yake, inaandikwa saa kumi na mbili na dakika moja. Amechelewa! Papo hapo fundi anagundua kosa, anairudisha saa nyuma kwa mkupuo. Wa pili anatuma baada ya hapo, yake inaandikwa saa kumi na mbili kasoro dakika moja. Aliyetangulia anakataliwa, aliyemfuata anapokelewa, na rekodi zinaapa kwamba haki imetendeka.

Fundi huyo alirekebisha saa, hapana shaka. Tatizo ni kwamba kitenzi "kurekebisha" kimeficha vitendo viwili ambavyo Kiswahili kinaweza kuvitenganisha barabara: kurusha saa na kuivuta. Mfumo wa Unix uliotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika toleo la 4.3BSD la mwaka 1986, ulileta amri iitwayo adjtime, ambayo programu huitumia kuvuta. Saa iliyotangulia hupunguzwa kasi, iliyochelewa huongezwa, hadi ilingane na wakati halisi. Kamwe hairudi nyuma.

Lakini uvutaji huu una gharama yake. Katika Linux, kwa kawaida mwendo hubadilishwa kwa sehemu 500 tu katika milioni, yaani sekunde moja hufidiwa kwa sekunde 2,000. Dakika mbili za chuo chetu zingehitaji takriban saa 67, karibu siku tatu nzima! Ndiyo maana itifaki ya NTP, iliyobuniwa na David Mills, kwa kawaida huvuta tofauti zisizozidi milisekunde 128. Kubwa kuliko hapo, ikidumu, huirusha.

Kwa maoni yangu, walimu wanaosimamia mitambo hii wairushe saa asubuhi, kabla kazi yoyote haijapokelewa. Mapokezi yakishaanza, ivutwe tu, na wanafunzi wote waongezewe zile dakika mbili.