Tatizo la Mwaka 2000: Je, Fedha Zilipotea Bure?

Muhula uliopita Chama chetu cha Majadiliano kilijadili neno hili: "Fedha zilizotumiwa kuzitengeneza kompyuta kabla ya mwaka 2000 zilipotea bure." Mimi nilichaguliwa kuwa msemaji wa upande wa kukubali. Nilisimama nikasema kwamba dunia nzima ilitishwa, mabilioni ya dola yakatumika, na usiku ulipofika hakuna kitu kilichotokea. Watu walicheka, wakapiga makofi, na upande wetu ukashinda kwa kura nyingi. Baadaye nilikwenda maktaba kusoma habari hizo vizuri zaidi, na nilipokwisha soma niliona haya. Kwa hiyo nataka kueleza hapa mambo niliyoyaona, ili wale walionipigia kura wayajue.

Kwanza nieleze asili yake. Katika miaka ya 1950 na 1960 kompyuta ilikuwa mashini kubwa ya kujaza chumba kizima, na nafasi ya kuweka habari ndani yake ilikuwa ghali mno. Habari nyingi ziliandikwa kwa kutoboa matundu katika kadi za karatasi, na kadi ya kawaida ilikuwa na nafasi 80 tu. Humo ilibidi yaingie jina la mtu, namba yake, deni lake na tarehe. Basi waandishi wa programu walifanya kama sisi tufanyavyo katika madaftari yetu: badala ya kuandika 1965 waliandika 65. Hawakuwa wajinga. Walidhani kwamba kabla ya karne kwisha programu zile zitakuwa zimekwisha tupwa. Lakini programu haichakai kama kiatu. Zilirithiwa, zikatiwa viraka, na desturi ile ya tarakimu mbili ikaendelea.

Hatari yenyewe ni hesabu rahisi. Mwaka 1999, kompyuta ikitaka kujua umri wa mtu aliyezaliwa 1965, hutoa 65 katika 99, ikapata 34. Mwaka 2000 hutoa 65 katika 00, na jibu ni 65 chini ya sifuri, kana kwamba mtu huyo bado hajazaliwa! Sasa fikirini benki inayohesabu faida ya mikopo, kampuni ya bima inayolipa wazee, au ghala linalotupa dawa zilizopita tarehe yake.

Tena hatari haikungoja mwaka 2000. Mwaka 1992, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, bibi mmoja mwenye umri wa miaka 104 aliitwa kwa barua aandikishwe katika shule ya watoto wadogo. Alikuwa amezaliwa 1888, na kompyuta iliona 88 tu, ikadhani ana miaka minne. Hayo ni ya kuchekesha, lakini mfanyi biashara mmoja wa Michigan, mwenye duka la matunda na mboga, hakucheka. Mashini zake za kupokelea fedha zilisimama zote kila mteja alipoleta kadi ya benki ambayo mwisho wake ni mwaka 00. Wateja walingoja katika foleni, kisha wakaenda zao. Mwaka 1997 aliwashtaki waliomwuzia mashini zile, na kesi hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake.

Basi wenye biashara walifanyaje? Niliona kwamba wale waliofaulu walifuata njia karibu moja, nayo yafaa kwa hatari yo yote.

Kwanza, walihesabu mali yao yote yenye kompyuta ndani. Si mashini za ofisini tu, bali hata lifti, mitambo ya kiwanda na makufuli ya milango. Wengi walistaajabu kuona kwamba hawakuijua nyumba yao wenyewe.

Pili, walipanga vitu kwa uzito wake. Walijiuliza: kitu gani kikisimama biashara itakufa, na kitu gani kikisimama itakuwa udhia tu? Ilikuwa lazima kuchagua, maana kazi nyingine huweza kuahirishwa, lakini tarehe 1 Januari haiahirishwi hata kwa saa moja.

Tatu, walitengeneza au walibadilisha. Wengine waliongeza mwaka uwe na tarakimu nne, na hiyo ndiyo dawa kamili. Wengine walifuata njia rahisi: waliiagiza kompyuta, kwa mfano, kwamba 00 mpaka 29 ni miaka ya 2000, na 30 mpaka 99 ni miaka ya 1900. Njia hiyo ilikuwa na gharama ndogo, lakini ilisogeza tatizo mbele tu.

Nne, walijaribu. Walichukua mashini za majaribio wakazisogeza saa zake mpaka 31 Desemba 1999, wakatazama litakalotokea. Walijaribu pia 29 Februari 2000. Mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu, lakini mwaka 2000 ulikuwa mrefu kwa sababu hugawanyika kwa 400, na waandishi wengine wa programu waliisahau kanuni hiyo.

Tano, waliwauliza jirani zao. Duka likiwa salama, lakini mwenye kuleta bidhaa si salama, duka litakaa tupu. Hapa palikuwa na shida, maana kampuni ziliogopa kusema kweli zisije zikashtakiwa. Mwaka 1998 wasimamizi wa soko la hisa la Marekani walizitaka kampuni zieleze wazi matayarisho yao, na Oktoba mwaka ule ule ilipitishwa sheria ya kuwalinda wale waliopeana habari kwa nia njema.

Sita, walijitayarisha kwa siku ya kushindwa. Walichapa orodha za wateja katika karatasi, wakaweka watu zamu usiku ule. Benki Kuu ya Marekani iliongeza akiba ya noti, ili watu wakikimbilia fedha zao wazikute.

Gharama ilikuwa kubwa. Wizara ya Biashara ya Marekani ilikadiria mwaka 1999 kwamba nchi ile peke yake ingetumia kama dola bilioni 100.

Usiku ulipofika, umeme uliwaka na ndege ziliruka. Hata hivyo si kweli kwamba hakuna kitu kilichotokea, kama nilivyosema mimi. Katika jimbo la New York mtu aliyerudisha filamu ya kukodi aliambiwa na kompyuta kwamba amechelewa miaka 100, na deni lake ni dola 91,250. Huko Sheffield, Uingereza, palitokea jambo la kusikitisha. Kompyuta ilikosea kuhesabu umri wa wanawake wajawazito, na zaidi ya 150 kati yao wakaambiwa kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na hali ya Down ni ndogo, kumbe sivyo. Kosa hilo halikugunduliwa mpaka Mei 2000. Hii ilikuwa mashini moja tu iliyoponyoka. Je, kama zingeponyoka zote?

Katika mjadala nilitaja Italia, kwamba ilichelewa kujitayarisha, nayo haikupata msiba mkubwa. Hoja hiyo ina nguvu, na siwezi kuikana yote. Yawezekana kwamba mahali pengine fedha zilitumiwa kupita kiasi. Lakini programu nyingi zilizotumika Italia zilitengenezwa na kampuni zile zile zilizouza Marekani na Uingereza. Zilipotengenezwa kwa ajili ya mmoja, zilimfaa na mwenzake. Aliyelala alifaidi jasho la aliyekesha.

Tena mambo haya hayajaisha. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Zile za namna ya zamani haziwezi kuhesabu kupita 2,147,483,647, na hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mashini hizo zitadhani kwamba ni Desemba 1901. Kompyuta mpya zina nafasi kubwa zaidi, lakini za zamani zimefichika ndani ya mitambo, na mitambo hukaa miaka mingi. Siku hiyo sisi tulio shuleni leo ndio tutakaokuwa makarani, wahasibu na wenye maduka. Hakuna atakayeweza kusema kwamba hakuonywa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nimejifunza jambo jingine: anayeuziba ufa mapema hapati sifa. Wapita njia huuona ukuta umesimama, wakasema kwamba hapakuwa na ufa, na fundi amekula fedha za bure. Mimi nilikuwa mmoja wa wapita njia hao. Namwomba Katibu wa Chama, mjadala huu ukirudiwa, anihesabu upande wa kupinga.